Uwanja wa Michezo kama Mahali pa Kazi: Sheria ya Usalama na Afya na Mashindano ya Ngazi ya Kata, Shanwe, Mpanda

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, haikutungwa mahususi kwa ajili ya michezo. Hata hivyo, uwanja huwa mahali pa kazi pindi mtu anapoajiriwa kufanya kazi humo, awe mlinzi wa lango, fundi wa jukwaa au mchezaji mwenye mkataba wa ajira. Aidha, madhumuni ya Sheria hiyo yanawajumuisha watu wasio wafanyakazi wanaoweza kudhurika kutokana na shughuli za walio kazini. Kwa msingi huo, mtazamaji naye analindwa.

Ugumu hujitokeza katika ngazi ya chini. Katika fainali ya Yanga na USM Alger, tarehe 28 Mei 2023, msongamano kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa ulisababisha kifo. Lakini mmiliki wa uwanja na waandaaji walijulikana. Katika kata kama Shanwe, Manispaa ya Mpanda, mashindano yakiandaliwa na kamati ya kujitolea isiyo na mwajiriwa, wajibu wa mwajiri hukosa wa kuubeba. Kijana akianguki­wa na goli, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2008, haumhusu, kwa kuwa hakuwa mwajiriwa.

Pengo hilo laweza kupunguzwa bila kusubiri sheria mpya. Kibali cha mashindano kimtaje mtu mmoja mwenye dhamana ya kukagua magoli, majukwaa, njia za kutokea na huduma ya kwanza kabla ya mchezo kuanza.