Damu Hupimwaje Ili Kujua Malaria?

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni la afya. Tutaeleza jinsi damu inavyopimwa ili kujua kama mtu ana malaria.

Kwanza tuulize: kwa nini ipimwe? Mtoto akichemka mwili, akitapika na kukataa chakula, wengi wetu husema, "Hiyo ni malaria," tukaenda dukani kununua vidonge. Tena lugha yetu hutuponza, maana neno homa tunalitumia kwa joto la mwili, na wengine hulitumia kwa malaria vilevile. Lakini malaria huleta joto, homa ya mapafu huleta joto, na homa ya matumbo pia huleta joto. Mkono wa mama juu ya kipaji cha mtoto hauwezi kuzitenganisha. Mtoto mwenye homa ya mapafu akipewa dawa ya malaria peke yake, ugonjwa wake huendelea, na siku mbili tatu zinazopotea zinaweza kumpotezea uhai. Kwa hiyo tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe damu kwanza, ndipo apewe dawa.

Mpimaji hutafuta nini katika damu? Hutafuta vimelea, yaani viumbe vidogo sana vinavyoletwa na mbu na kukaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Mtu wa kwanza kuvitambua alikuwa daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, aliyekuwa akifanya kazi Algeria mwaka 1880. Aliviona kwa hadubini, chombo cha kukuza vitu visivyoonekana kwa macho matupu.

Njia ya kwanza ni hiyo hiyo ya hadubini. Mpimaji hupangusa kidole kwa spiriti, hukichoma kwa sindano ndogo mpya, kisha huweka damu juu ya kipande cha kioo. Huiweka kwa namna mbili. Tone la kwanza huliacha nene, ili damu nyingi ikae mahali padogo na vimelea viweze kupatikana hata vikiwa vichache. Tone la pili hulitandaza liwe jembamba sana, ili aweze kutambua ni vimelea vya aina gani. Damu ikikauka huitia rangi iitwayo Giemsa, kwa jina la Mjerumani aliyeitengeneza. Rangi hiyo hukifanya kiini cha kimelea kiwe chekundu na mwili wake uwe wa buluu.

Halafu mpimaji hutazama. Hadubini hukuza mara 1,000, kwa hiyo kila mara huona sehemu ndogo tu ya damu. Haimpasi kusema "hakuna" mpaka awe ametazama sehemu 100 hivi za lile tone nene. Ndiyo sababu mnangoja pale nje ya maabara, msidhani mmesahauliwa.

Akiviona vimelea, huvihesabu. Huvihesabu pamoja na chembe nyeupe za damu, mpaka chembe nyeupe zifike 200. Kwa kawaida hukadiriwa kwamba mikrolita moja ya damu, yaani sehemu ya elfu ya mililita, ina chembe nyeupe 8,000. Gawanyeni 8,000 kwa 200, mtapata 40. Basi akihesabu vimelea 50, huzidisha 50 kwa 40, na jibu ni vimelea 2,000 katika kila mikrolita.

Njia ya pili ni kipimo cha haraka. Hiki ni kipande kidogo cha plastiki, na hakihitaji hadubini wala umeme. Hakionyeshi vimelea vyenyewe, bali hutambua protini zinazotokana navyo. Mhudumu hutia tone la damu na matone ya maji maalumu, kisha hungoja muda ulioandikwa katika karatasi ya maelezo, mara nyingi dakika 15 hadi 20.

Sasa sikilizeni vema, maana ninyi mmekwisha kujua herufi na mnaweza kusoma jibu wenyewe. Katika vipimo vingi kuna herufi C na herufi T. Mstari ukitokea kwenye C tu, malaria haikuonekana. Ukitokea kwenye C na kwenye T, malaria imeonekana, hata kama mstari wa T ni hafifu. Kwenye C pasipokuwa na mstari, kipimo kimeharibika, ombeni kingine.

Kila njia ina upungufu wake. Vimelea vikiwa vichache mno, njia zote mbili zinaweza kuvikosa. Tena baadhi ya vipimo vya haraka huendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa kuwa protini bado zimo katika damu. Kwa hiyo mwambieni mhudumu kama mgonjwa alikunywa dawa ya malaria karibuni.

Jibu likiwa "hakuna malaria", msikasirike wala msikimbilie dukani. Ulizeni: "Basi anaumwa nini?" Joto likiendelea, mrudisheni mgonjwa apimwe tena. Jibu likiwa "ipo", anywe dawa mpaka dozi iishe. Na mtoto akishikwa na degedege, akizimia, au akishindwa kunywa, mpelekeni hospitali mara moja, usiku au mchana.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini joto la mwili peke yake halitoshi kutuambia kwamba mtu ana malaria?
2. Tone nene lina kazi gani? Na jembamba?
3. Mpimaji amehesabu vimelea 30 kwa chembe nyeupe 200. Mikrolita moja ina vimelea vingapi?
4. Mstari umetokea kwenye T, lakini kwenye C hakuna. Mtafanya nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.