Mchoraji Aliyeficha Jina Lake

Katika mwaka 1915 Winston Churchill, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliondolewa katika uwaziri wa manowari. Huzuni ilimlemea sana. Ndipo, akiwa mtu wa miaka 40, alipoanza kuchora picha kwa rangi za mafuta, si kwa kutafuta ujira, bali kwa kuutuliza moyo. Rangi hizo hukauka polepole. Aliyekosea huweza kuzikwangua kwa kisu akaanza tena, nayo ni faraja kubwa kwa mwanafunzi. Baadhi ya picha zake aliwapa rafiki. Lakini rafiki husifu hata kilicho kibaya! Basi mwaka 1947 alipeleka picha katika chuo cha kifalme cha sanaa, London, kwa jina la David Winter. Mbili zilikubaliwa.