PICHA ZA NURU ISIYOONEKANA KATIKA SHAMBA LA MAHINDI

Kila mkulima ajua kwamba mahindi ya shamba moja hayakui sawasawa. Pana mahali yanastawi sana, na pana mahali yanadumaa, ingawa mbegu ni ile ile na palizi ni ile ile. Mahindi yakiwa chini ya goti, mkulima aweza kusimama mpakani akaziona sehemu hizo zote. Yakipita kimo cha mtu haoni ila mistari michache ya mbele, na habari za katikati hazijui mpaka siku ya kuvuna. Hapo pana hasara kubwa, kwa sababu mbolea ya kukuzia hutiwa shamba zima kwa kipimo kimoja: hutiwa panapoihitaji, na hutiwa pia pale ambapo haitasaidia kitu.

Iko njia ya kulipiga shamba picha kwa nuru ambayo macho ya binadamu hayaioni, na picha hiyo huonyesha sehemu dhaifu waziwazi. Kamera inayotumika ni kamera ya kawaida ya dijitali, hata iwe kuukuu, ambayo fundi ameifungua na kubadili kioo kimoja ndani yake. Karatasi hii yaeleza kazi ya kamera hiyo, na hasa yaeleza mpaka wake. Mtu akitaka kukuuzia kamera ya namna hii, naye akakwambia kwamba itakutajia ugonjwa wa mahindi yako kwa jina, usimpe fedha zako.

NURU YENYEWE

Nuru ya jua ina rangi nyingi ndani yake, kama tuonavyo katika upinde wa mvua. Mwaka 1800 huko Uingereza mtaalamu wa nyota, William Herschel, aliitawanya nuru ya jua kwa kipande cha kioo, akaweka kipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni rangi yoyote, kipimajoto kilipanda kuliko kwenye rangi zote. Basi akajua kwamba pana nuru nyingine isiyoonekana. Siku hizi huitwa infraredi.

Nuru hupimwa kwa nanometa, nayo nanometa ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Jicho letu huona tangu nanometa 400 hivi hadi 700. Infraredi tunayoisema hapa ni ile iliyo jirani ya nyekundu, tangu 700 hadi 1,000 hivi. Isichanganywe na zile kamera za kuonyesha joto la mwili au la mashine. Hizo hutumia nuru ya namna nyingine, ya mbali sana na nyekundu, tena bei yake ni kubwa zaidi.

Sasa tulitazame jani. Umbijani, yaani ile rangi ya kijani iliyomo ndani yake, hushika nuru ya bluu na nyekundu ili mmea ujitengenezee chakula. Nuru ya kijani hurudishwa kidogo, ndiyo maana twaliona jani ni la kijani. Lakini infraredi haimfai mmea kwa kazi hiyo. Ikiingia katika jani hukuta vijumba vidogo vilivyojaa maji, na kati yake nafasi za hewa. Humo hurushwa huku na huku, na karibu nusu yake hutoka tena nje. Kama macho yetu yangeiona infraredi, basi shamba lenye afya lingeng'aa mbele yetu kama bati jipya. Mwaka 1910 mtaalamu wa Marekani, Robert Wood, alitangaza picha za kwanza za namna hii, na watu wakastaajabu kuona miti yenye majani meupe chini ya anga jeusi.

Mmea ukipata taabu, mambo mawili hubadilika. Umbijani ukipungua, jani hurudisha nyekundu zaidi kuliko kawaida. Na vile vijumba vikisinyaa au kufa, jani hurudisha infraredi kidogo. Kwa hiyo tukizilinganisha nuru hizi mbili, twapata habari za mmea. Katika Vita Vikuu vya Pili majeshi yalitumia filamu za infraredi ili kutofautisha miti hai na vitambaa vilivyopakwa rangi ya kijani kuficha silaha. Mwaka 1956 Robert Colwell wa Chuo Kikuu cha California alieleza jinsi picha kama hizo, zikipigwa kutoka katika ndege, zinavyoonyesha magonjwa fulani ya nafaka. Tangu mwaka 1972 vyombo vinavyozunguka dunia huko juu vimekuwa vikipima mimea kwa njia hiyo hiyo.

Huenda mkulima akauliza: ikiwa vyombo vya juu vyafanya kazi hiyo, kamera ni ya nini? Ni kwa sababu mashamba yetu ni madogo. Picha za vyombo vya Sentinel-2, ambavyo cha kwanza kilirushwa mwaka 2015, hutolewa bure, nazo ni nzuri sana kwa shamba kubwa. Lakini kila nukta ya picha hizo ni mraba wa mita 10 kwa mita 10. Shamba la nusu eka ni kama mita za mraba 2,000, basi shamba lako zima ni nukta 20 tu, na zile za mpakani zimechanganyika na shamba la jirani. Tena wakati wa masika mawingu hufunika, na huo ndio wakati tunaotaka kuona.

KAMERA NA KIOO CHAKE

Ndani ya kila kamera ya dijitali mna kibati kidogo cha silikoni kinachopokea nuru mahali pa filamu. Kibati hicho huiona infraredi vizuri. Waweza kujaribu nyumbani: elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu, ubonyeze kitufe, na utazame kioo cha simu. Katika simu nyingi utaona taa ya rimoti ikiwaka rangi ya zambarau au nyeupe, ingawa jicho lako halioni kitu. Simu nyingine hazionyeshi, hasa kwa kamera ya nyuma. Jaribu ile ya mbele.

Watengenezaji wa kamera hawaitaki infraredi, kwa kuwa huharibu rangi za picha za kawaida. Kwa hiyo huweka mbele ya kibati kioo chembamba cha kuizuia, aghalabu chenye rangi ya samawati hafifu. Fundi hukitoa kioo hicho na kuweka kingine mahali pake. Kioo kipya hakina budi kuwa na unene ulio sawa na wa kile cha zamani, au picha zitakuwa na ukungu daima.

Kioo kipya chaweza kuwa cha namna mbalimbali. Kichujio cha nanometa 720 huzuia karibu nuru yote tunayoiona na kupitisha infraredi. Picha zake ni za kupendeza, nao wapiga picha wa mandhari hukipenda sana, lakini mkulima hapati cha kulinganisha, kwa kuwa nyekundu haimo. Kinachomfaa zaidi ni kichujio chekundu. Hicho huzuia bluu na kijani, na kupitisha nyekundu pamoja na infraredi. Katika kibati cha kamera mna vidoa vya rangi tatu, na vile vya bluu navyo huipokea infraredi. Basi bluu ya kweli ikizuiwa, vidoa vya bluu huandika infraredi peke yake, na vile vyekundu huandika nyekundu iliyochanganyika na infraredi. Picha moja imebeba habari zote mbili, na programu ya kompyuta huzitenganisha.

Kuna watu wanaoweka kichujio cha 720 mbele ya lenzi bila kuifungua kamera. Yawezekana, maana kile kioo cha ndani huvujisha infraredi kidogo, lakini kamera itataka sekunde kadhaa kupiga picha moja, nayo majani ya mahindi hayatulii hata kidogo. Kwa shamba ni kazi bure.

Usiifungue kamera mwenyewe. Ndani yake mna kidude cha kuhifadhi umeme wa taa ya kumulika, nacho hushika volti 300 hivi, hata betri ikiwa imetolewa. Umeme huo waweza kumdhuru mtu. Mpe fundi wa kamera anayejua kuumaliza kwanza.

KUPIGA PICHA SHAMBANI

Funga kamera katika ncha ya mwanzi mrefu wa mita 5 au 6, ikitazama chini. Iwekwe ijipige yenyewe kila baada ya sekunde chache, au kwa kuchelewa sekunde 10. Usipite na mwanzi huo karibu na nyaya za umeme. Ndege ndogo isiyo na rubani huenda juu zaidi, lakini yataka kibali. Katika Tanzania ulizeni kwanza kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa eka moja au mbili mwanzi watosha.

Piga kati ya saa nne na saa nane mchana, jua likiwa juu, ili vivuli viwe vifupi. Anga iwe nyeupe yote au iwe na mawingu mamoja yaliyotulia. Mawingu yanayopitapita ni mabaya, kwa sababu kivuli cha wingu huonekana katika picha kama mahindi dhaifu. Mipango ya mwanga na rangi katika kamera isiachwe ijibadilishe yenyewe: ipangwe mara moja na ibaki hivyo mpaka shamba liishe. Kila mwanzo wa kazi piga picha ya ubao ule ule wa kijivu. Simika mambo yenye namba katika shamba, ili baadaye ujue picha ni ya mahali gani.

Piga mara mbili kwa msimu: siku chache kabla ya kutia mbolea ya kukuzia, na tena mahindi yanapotoa mbelewele.

KUSOMA PICHA

Programu huchukua infraredi, hutoa nyekundu, kisha hugawanya kwa jumla ya zote mbili. Tuseme jani zima limerudisha infraredi 50 na nyekundu 8 katika kila 100. Basi 42 kwa 58 ni 0.72. Jani lenye taabu limerudisha 35 na 15: 20 kwa 50 ni 0.40. Udongo mtupu wa 30 na 25 watoa 0.09. Hesabu hii ni ya vipimo vya kitaalamu. Kamera yetu huchanganya nuru, kwa hiyo namba zake hazifai kulinganishwa na za kamera nyingine, wala na za siku nyingine bila ule ubao. Linganisha sehemu na sehemu katika shamba lile lile, siku ile ile.

Kumbuka pia kwamba magugu nayo ni majani. Shamba lililozidiwa na magugu litang'aa katika picha kama shamba la mkulima hodari. Palilia kwanza.

Je, picha huonyesha ugonjwa kabla ya jicho? Mara nyingine ndiyo, lakini mara nyingi mtu aliyezoea akiinama karibu na mmea ataona mapema vile vile. Faida kubwa ya picha ni kwamba humpeleka mkulima mahali ambapo hangefika. Picha yasema ni wapi. Kwa nini, haisemi.

Kwa hiyo ukiona doa dhaifu kati ya mambo ya namba 4 na 5, nenda na jembe. Tazama majani ya chini: yakiwa na umanjano unaoanzia nchani na kufuata mshipa wa kati, mmea wataka naitrojeni, na hapo mbolea italipa. Chimba mmea mmoja na mizizi yake. Ukikuta mizizi imepinda kando, pana tabaka gumu chini. Ukikuta udongo unanuka na maji yametuama, chimba mfereji, kwa kuwa mbolea itapotea. Tazama kama mchwa wamekata shina. Kama shamba lina historia ya kiduha, osha mizizi taratibu, maana kiduha huinyonya mizizi kungali chini ya ardhi, kabla maua yake ya zambarau au mekundu hayajatokea. Hapo ng'oa kabla hakijatoa mbegu. Ukishindwa kujua sababu, chukua mmea mzima pamoja na udongo wake, umpelekee Bwana Shamba siku ile ile.

Kwa maoni yangu mkulima mmoja hana haja ya kununua kamera hii. Kikundi cha watu 20 au 30 chaweza kuwa na moja, pamoja na kijana mmoja anayejua kompyuta. Mtu huyo aandike katika daftari tarehe, saa, namba za mambo na kilichoonekana baada ya kuchimba. Kamera ihifadhiwe katika kopo lenye kifuniko pamoja na mchele mkavu uliofungwa kitambaani, ili unyevu usiingie kati ya kioo na kibati, kwa kuwa ukungu wa kuvu ukiota humo hauwezi kufutwa mpaka kamera ifunguliwe tena.