Kukaza Bolti za Mabomba ya Mvuke

Watu wengi hudhani kwamba bolti ikikazwa kwa nguvu zote ndiyo salama, na kwamba fundi hodari ni yule mwenye mkono mzito. Katika baiskeli dhana hiyo huweza kupita bila madhara makubwa. Lakini katika mabomba ya mvuke ni dhana ya hatari, nami nimeona vema kueleza sababu zake katika gazeti letu.

Mabomba makubwa huunganishwa kwa flanji. Flanji ni bamba nene la chuma lenye matundu, lililochomelewa mwishoni mwa bomba. Flanji mbili hukabiliana, katikati huwekwa gasketi, kisha bolti hupitishwa matunduni na kukazwa kwa nati. Maungo ya namna hii yamo katika viwanda vya sukari, kama vile vya Kilombero na kile kilicho karibu na mji wa Moshi, ambako makapi ya miwa huchomwa ili kuchemsha maji, na mvuke wake huendesha mitambo. Mvuke wenye joto kali sana ukivuja hauonekani kwa macho. Mtu huweza kuupitia bila kujua, ukamwunguza vibaya.

Sasa, bolti hushikaje? Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza alitangaza kwamba kitu chenye kunyumbuka hurefuka kwa kadiri ya nguvu inayokivuta. Bolti nayo ni kama springi ngumu. Tukigeuza nati, bolti hurefuka kidogo, na kwa kutaka kurudi huzibana zile flanji.

Na tufanye hesabu. Nguvu inayobebwa na kila milimita ya mraba ya bolti huitwa mkazo. Tuchukue bolti ya kipenyo cha milimita 20, ya chuma kiitwacho B7, ambacho hutumika sana katika mabomba ya moto. Tukiikaza hadi mkazo wa nyutoni 345, itabana kwa nguvu ya nyutoni 84,500 hivi, sawa na uzito wa tani nane na nusu. Hata hivyo, ikiwa urefu wake kati ya nati mbili ni milimita 120, itarefuka kwa milimita 0.2 tu, yaani kama unene wa karatasi mbili za daftari. Basi gasketi ikididimia kwa unene wa karatasi moja, karibu nusu ya nguvu ya kubana imepotea, wala nati haikugeuka hata kidogo.

Hapa pana fumbo. Katika kanuni za wahandisi wa Marekani, mkazo ulioruhusiwa kwa chuma hiki ni nyutoni 172 tu. Je, fundi anayekaza hadi 345 amevunja kanuni? La. Kiasi cha 172 ni cha mchoraji, anayehesabu ukubwa na idadi ya bolti zitakazobeba shinikizo siku zote. Ameacha nafasi kubwa ya usalama, maana bolti hiyo haiharibiki umbo mpaka ifikie nyutoni 720 hivi. Fundi naye hana budi kuanza juu zaidi, kwa sababu sehemu ya alichokikaza itapotea. Kwa hiyo desturi ya wengi ni kukaza karibu nusu ya hizo 720. Akizidisha mno, bolti itanyooka isirudi tena, au flanji itapinda, au gasketi itapondeka.

Na joto hufanya nini? Kwanza, likifika digrii 400 za sentigredi, ukakamavu wa chuma hupungua kwa kadiri ya sehemu moja ya saba, na nguvu ya kubana hupungua vivyo hivyo. Pili, chuma kilichovutwa kikakaa katika joto kali kwa miezi na miaka huzidi kulegea polepole. Ndiyo maana kile kiasi cha 172 hakibadiliki mpaka digrii 370 hivi, bali kwenye digrii 480 hushushwa hadi nusu yake.

Iliyobaki ni namna ya kukaza. Katika kila sehemu 100 za nguvu ya spana, yapata 50 huliwa na msuguano chini ya nati, 40 na msuguano wa hesi, na 10 tu ndizo zinazoivuta bolti. Kwa hiyo bolti yenye kutu na bolti yenye grisi, zikikazwa sawa, hazibani sawa. Fundi mwangalifu husafisha hesi, hupaka grisi inayostahimili joto, na hutumia spana yenye kipimo. Bolti zikiwa nane, hukaza kwa kuvuka upande wa pili: 1, 5, 3, 7, 2, 6, 4, 8. Kwanza hufikia asilimia 30 ya kipimo, kisha 70, kisha 100, ndipo huzungukia zote kwa duara. Baada ya saa nne au zaidi, kabla ya mvuke kufunguliwa, huzizungukia tena, kwa kuwa gasketi imekwisha kudidimia.

Wenzangu wanaotazamia kuwa mafundi wakumbuke jambo moja. Aliyekaza bolti humaliza kazi yake siku ile ile akaenda zake nyumbani, lakini wengine watapita kando ya bomba hilo kila siku kwa miaka mingi.