Ukiumwa na Samaki, Mweleze Daktari Kuwa Jeraha Limetoka Baharini

Na Mwandishi Wetu

Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa na miamba kubaki wazi, wavuvi wa pweza katika mwambao wa Tanzania huchokoa mashimo kwa fimbo wakitafuta kitoweo. Katika mashimo hayo hayo hujificha mkunga, samaki mrefu mfano wa nyoka, mwenye meno makali. Anayeumwa mara nyingi husuuza mkono kwa maji ya bahari, hufunga kitambaa na kuendelea na kazi. Hapo ndipo hatari huanza.

Jino la samaki huingia ndani sana lakini huacha tundu dogo juu ya ngozi. Tundu hilo huweza kuziba mapema, huku bakteria waliotoka kinywani mwa samaki au katika maji wakibaki ndani na kuzaliana.

Miongoni mwa bakteria hao, watatu wanastahili kufahamika. Wa kwanza ni Erysipelothrix rhusiopathiae, ambaye huwapata zaidi wavuvi na wauza samaki. Siku chache baada ya jeraha, kidole huvimba, huuma na kuwa na wekundu unaokaribia zambarau. Maambukizi haya hutibika kwa penisilini.

Wa pili ni Mycobacterium marinum, wa jamii moja na bakteria wa kifua kikuu. Huyu hafanyi haraka. Uvimbe mdogo huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, wakati mgonjwa amekwisha kusahau jeraha, na matibabu yake huchukua miezi.

Wa tatu, na hatari kuliko wote, ni Vibrio vulnificus, wa jamii moja na bakteria wa kipindupindu. Hustawi katika maji ya chumvi yenye joto. Ndani ya saa chache ngozi huweza kuvimba, kutoa malengelenge meusi na nyama kuanza kufa. Takwimu za Marekani zinaonesha kuwa takriban mtu 1 kati ya 5 wanaougua hufariki dunia. Wenye ugonjwa wa ini, kisukari au upungufu wa kinga wamo katika hatari zaidi.

Maambukizi haya hayatibiwi kwa dawa moja. Baadhi ya viuavijasumu vinavyotumika kwa majipu na vidonda vya kawaida havimwezi Vibrio wala Mycobacterium. Daktari asipoelezwa kuwa jeraha limetoka baharini, anaweza kutoa dawa isiyofaa na muda muhimu ukapotea. Kwa sababu hiyo pia, mwananchi hashauriwi kujinunulia vidonge dukani.

Mara baada ya kuumwa, jeraha lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi. Lisipakwe majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Majeruhi afike kituo cha afya, ambako jeraha litachunguzwa iwapo kuna kipande cha jino kilichobaki, na chanjo ya pepopunda itatolewa ikihitajika. Homa, maumivu makali yasiyolingana na ukubwa wa jeraha, au wekundu unaosambaa ni dalili za kwenda hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku.

Mwenye kidonda kibichi asiingie baharini mpaka kipone, na anayechokoa miamba au kuparua samaki avae glavu nzito. Hata uvimbe ukijitokeza mwezi mmoja baadaye, daktari aelezwe habari za samaki aliyeuma.