Bima Unayolipa Wewe, Fidia Ichukue Benki

Bima tulizozizoea zina mantiki moja: anayelipa ada ndiye anayefidiwa. Gari likigongwa, mwenye gari analipwa. Bima ya mikopo ya nyumba inayosimamiwa na Mamlaka ya Shirikisho ya Nyumba ya Marekani, FHA kwa kifupi, haiko hivyo. Mnunuzi analipa ada mwezi baada ya mwezi, pengine kwa miaka thelathini. Siku akishindwa na mkopo, nyumba inapigwa mnada, yeye anatoka na masanduku yake, na benki ndiyo inayokwenda FHA kudai fidia.

Ukielezwa mpango huo kwa mara ya kwanza utadhani ni dhuluma iliyovaa suti. Hata hivyo ndio uliowawezesha mamilioni ya Wamarekani wa kipato cha kawaida kununua nyumba, na ndio pia uliowafungia mlango mamilioni wengine. FHA haijengi nyumba wala haimkopeshi mnunuzi hata senti. Kazi yake ni kuiambia benki: mpe huyu, akishindwa nitalipa mimi. Anayeamua ni nani asemewe maneno hayo ana nguvu kuliko mjenzi yeyote.

Kabla ya miaka ya 1930, kununua nyumba kwa mkopo huko Marekani kulikuwa kamari. Mnunuzi alitakiwa kuwa na karibu nusu ya bei mkononi. Kiasi kilichobaki alikopeshwa kwa miaka mitatu hadi mitano, mara nyingi akilipa riba peke yake, kisha muda ukiisha deni lote linadaiwa kwa mkupuo. Mambo yakiwa mazuri benki ilimwongezea muda, na maisha yakaendelea. Mdororo ulioanza 1929 ukazikausha benki, nazo zikaacha kuongeza muda. Kufikia 1933, nyumba kama elfu moja zilikuwa zikichukuliwa na wadai kila siku. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo waliolipa riba yao bila kukosa. Kosa lao lilikuwa mkopo kuiva katika mwaka mbaya.

Rais Franklin Roosevelt alitia saini Sheria ya Taifa ya Nyumba tarehe 27 Juni 1934, na FHA ikazaliwa. Serikali ilikuwa pia na shida ya pili, maana mafundi wa ujenzi walikuwa wamejazana mitaani bila kazi. Badala ya kutoa fedha, iliamua kutoa ahadi. Benki itakayokopesha kwa masharti yetu, ikasema, haitapata hasara. Masharti yenyewe ndiyo yaliyobadilisha kila kitu: mkopo ufike hadi asilimia 80 ya thamani ya nyumba, ulipwe kwa miaka ishirini, kwa marejesho ya kila mwezi yaliyo sawa, yenye riba na sehemu ya deni pamoja, ili siku ya mwisho isibaki hata dola moja. Na nyumba ikaguliwe kwanza na mtu anayejua matofali. Baadaye muda ukasogezwa hadi miaka thelathini, na kianzio kikashushwa zaidi.

Mkopo wa miaka thelathini wenye riba isiyobadilika, ambao Mmarekani wa leo anauona wa kawaida kama mvua, ulitoka katika ofisi ya serikali. Mwaka 1940 kaya zinazoishi katika nyumba zao wenyewe zilikuwa asilimia 43.6. Mwaka 1960 zilifika 61.9. Si kazi ya FHA peke yake, kwa sababu askari waliorudi kutoka vitani walipewa dhamana yao tangu 1944, na mishahara ilipanda. Lakini bila ule mkopo mrefu, mishahara hiyo isingetosha.

FHA ilikuwa na kitabu cha mwongozo kwa wakaguzi wake, kikieleza ni mtaa upi unaostahili bima na upi haustahili. Kitabu hicho kiliwahesabu majirani weusi kuwa hatari kwa thamani ya nyumba, kikapendekeza mikataba ya ardhi iwe na vifungu vinavyozuia nyumba kuuzwa au kukaliwa na watu wa rangi nyingine. Shirika jingine la serikali, lililoundwa 1933 kununua mikopo iliyokwama, lilichora ramani za miji zaidi ya mia mbili na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyodhaniwa hatari. Mitaa ya weusi karibu yote ilipata nyekundu. FHA nayo ilikuwa na ramani zake.

Ukitaka kuona mwongozo huo ulivyogeuka zege, nenda Detroit, karibu na barabara ya Eight Mile. Familia za watu weusi zilikuwa zikiishi hapo tangu miaka ya 1920. Mwendelezaji mmoja akataka kujenga nyumba za wazungu jirani yao, akanyimwa dhamana ya FHA kwa sababu ya ujirani huo. Mwaka 1941 akapata ufumbuzi: akajenga ukuta wenye kimo cha karibu mita 1.8 na urefu wa kama mita mia nane, ukitenganisha mtaa na mtaa. FHA ikaridhika, mikopo ikapita. Ukuta haukuwa na lango la kulindwa wala haukumzuia mtu kuzunguka mwisho wake. Kazi yake ilikuwa kumridhisha mkaguzi. Ungali umesimama mpaka leo, sehemu yake ikiwa imechorwa michoro ya rangi na wakazi.

Hesabu ya athari zake ni rahisi, na ndiyo maana inauma. Nyumba iliyonunuliwa kwa bei ndogo mwaka 1948 katika kitongoji kama Levittown, New York, ambako mikataba iliwazuia weusi, iliwasomesha watoto vyuoni na kuwaachia wajukuu mtaji. Mfanyakazi mweusi wa kiwanda kilekile, mwenye mshahara uleule, alibaki mpangaji au akanunua kwa mikataba ya kinyonyaji isiyompa hati mpaka senti ya mwisho. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza vifungu hivyo vya ubaguzi. Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa makazi ilikuja Aprili 1968, siku chache baada ya Martin Luther King kuuawa.

Mtu angedhani basi mambo yakanyooka. Mwaka huohuo wa 1968 FHA iligeuka ghafla, ikaanza kudhamini mikopo kwa wanunuzi maskini katika mitaa ileile iliyokuwa imeikimbia, sehemu ya riba ikifidiwa na serikali. Walanguzi walifika kabla ya wananchi. Walinunua magofu, wakapaka rangi, wakawahonga wakaguzi waandike thamani mara kadhaa ya bei, kisha wakawauzia akina mama wasiojua kwamba bomba la chini limeoza. Benki hazikujali, kwa kuwa zilikuwa na bima. Mnunuzi alihama akiacha nyumba isiyokalika, benki ikalipwa, na serikali ikajikuta mmiliki wa maelfu ya nyumba tupu mjini Detroit. Januari 1973 mpango ulisimamishwa. Mwanahistoria Keeanga-Yamahtta Taylor ameandika kitabu kizima juu ya sakata hiyo. Kwangu mimi, ndiyo sura inayofundisha kuliko ile ya ukuta, kwa sababu safari hii nia iliyotangazwa ilikuwa njema.

Serikali za Afrika Mashariki nazo zinapenda kuzungumzia nyumba. Tanzania ina kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba, TMRC, tangu 2010, na Kenya ina yake, KMRC, tangu 2018. Zinatibu ugonjwa mwingine: benki hupokea amana za muda mfupi, haziwezi kuzifunga kwenye mkopo wa miaka ishirini, kwa hiyo kampuni hizi huzipa benki, na kwa Kenya hata sacco, fedha za muda mrefu. Mkopaji akishindwa, hasara inabaki kwa aliyemkopesha. Ndiyo maana afisa mikopo bado anataka hati miliki isiyo na doa, hati ya mshahara na kianzio kinene, na ndiyo maana Kenya, yenye watu zaidi ya milioni hamsini, ina mikopo ya nyumba kama elfu thelathini tu. Muuza mitumba anayepata zaidi ya mwalimu hana karatasi ya kuonyesha. Siku nchi zetu zitakapoamua kubeba hofu ya benki kwa kiwango kikubwa, mimi nitaomba kwanza kuona mwongozo wa wakaguzi kabla ya kuhudhuria uzinduzi.

FHA yenyewe imeendelea kuishi, sasa ikiwa chini ya wizara ya nyumba iliyoundwa 1965. Soko lilipoporomoka 2008 na mabenki yakajificha, ndiyo iliyobaki mlangoni, na sehemu yake ya mikopo ya kununulia nyumba ikapanda kutoka kidogo sana hadi zaidi ya robo. Ilichubuka: mwaka 2013, kwa mara ya kwanza katika historia yake, mfuko wa bima ulichukua dola bilioni 1.7 kutoka hazina. Tangu hapo umenenepa. Sheria inautaka uwe na akiba ya asilimia 2 ya mikopo unayoidhamini. Mwaka 2024 ulikuwa na zaidi ya 11.

Kwa Waswahili walioko Marekani hii si historia. Wengi hununua nyumba ya kwanza kupitia FHA. Mwenye alama za mkopo 580 na kuendelea anatoa kianzio cha asilimia 3.5, aliye kati ya 500 na 579 anatoa asilimia 10. Chukua nyumba ya dola 300,000. Kianzio ni 10,500, mkopo ni 289,500. Bima ya mwanzo ni asilimia 1.75, yaani dola 5,066, ambayo wengi huiongeza kwenye deni. Kisha kuna ada ya mwaka, ambayo kwa wakopaji wengi tangu 2023 ni asilimia 0.55: hapa ni kama dola 133 kwa mwezi mwanzoni. Tangu 2013, aliyetoa kianzio chini ya asilimia 10 hulipa ada hiyo maisha yote ya mkopo. Watu wanalalamika, na wana haki, kwa sababu mikopo ya kawaida huruhusu bima ifutwe mnunuzi akishalipa kiasi cha kutosha. Njia ya kutoka ni kuubadili mkopo, jambo lisilo na maana riba ikiwa juu.

Mwongozo wa leo una mambo ya kushangaza kwa wema wake. Asiye na historia ya mikopo anaweza kutumia rekodi za kodi ya pango na umeme. Kianzio kinaweza kuwa zawadi ya ndugu, mradi aandike barua kwamba hadai kurudishiwa. Hata fedha za upatu zinatambuliwa, kwa sharti kikundi kiwe na daftari la hesabu, risiti, na uthibitisho wa mhazini. Wanawake wetu wanaocheza mchezo huko Ohio na Texas wangefaa kulijua hilo kabla ya kuhamishia fedha benki usiku wa kuamkia maombi.

Lakini Machi 2025 wizara ilituma waraka kwa wakopeshaji: kwa maombi ya kuanzia tarehe 25 Mei mwaka huo, asiye raia wala mkaazi wa kudumu hadhaminiwi tena, isipokuwa raia wa mataifa machache ya visiwa vya Pasifiki. Bunge halikupiga kura. Mtu anayefanya kazi ghalani mjini Columbus, Ohio, kwa kibali cha kazi, huku ombi lake la hifadhi likisubiri, aliweza kuomba mwezi Aprili. Juni hakuweza, hata kama alama zake ni 700 na zamu yake ya mchezo imeshafika.