Kupima Wingi wa Sangara Ziwa Victoria

Wingi wa sangara katika Ziwa Victoria, lenye takriban kilomita za mraba 68,800 zilizogawanyika kati ya Tanzania, Uganda na Kenya, hukadiriwa kwa kulinganisha ushahidi wa aina kadhaa. Ulio rahisi kupatikana ni wa mwaloni: kilo zilizoshushwa, zikilinganishwa na idadi ya mitumbwi, nyavu na ndoana zilizotumika kuzipata. Kilo kwa kila mtumbwi zikishuka mwaka hadi mwaka, samaki wanapungua.

Zisiposhuka, hilo pekee si la kutuliza moyo. Samaki wanaopungua huweza kujikusanya sehemu chache, na wavuvi huwafuata hukohuko kwa injini zenye nguvu zaidi. Hivyo ndivyo chewa wa Newfoundland, Kanada, walivyokwisha huku meli zikiendelea kujaa. Makadirio ya miaka ya 1980 yaliegemea mno mavuno ya meli hizo, na Julai 1992 uvuvi ukafungwa. Watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi.

Kwa sababu hiyo urefu wa samaki ni ushahidi wa thamani kubwa, na mvuvi yeyote anaweza kuusoma kwa rula. Sangara jike huchelewa kupevuka kuliko dume, na jike kubwa hutaga mamilioni ya mayai. Nchi za ziwa zilikubaliana kiwango cha sentimita 50 hadi 85, ili wadogo wapate kuzaa na wazazi wakubwa wabaki majini. Mwalo uliojaa sangara wa sentimita 40 unatia wasiwasi hata kama mizani inasoma tani nyingi, kwani wengi wao hawajazaa hata mara moja.

Ushahidi mwingine hautegemei wavuvi kabisa. Meli ya utafiti hukatiza ziwa kwa mistari iliyopangwa, ikituma mawimbi ya sauti chini na kupokea mwangwi. Kinachorudisha mwangwi kwa nguvu ni bondo, kifuko cha hewa kilekile kinachonunuliwa kwa bei kubwa mialoni na kusafirishwa hadi China. Nguvu ya mwangwi hugeuzwa kuwa makadirio ya tani, na wavu hushushwa kuthibitisha ni samaki gani waliosikika. Njia hii nayo ina upungufu: meli haifiki kwenye maji mafupi ya kandokando, wanakokulia sangara wengi wachanga, na samaki waliolala karibu na tope hawatofautishwi na sakafu ya ziwa.

Tani zikishajulikana, hulinganishwa na kasi ya samaki kukua, kuzaliana na kufa. Dagaa hupevuka kabla ya kutimiza mwaka, hivyo huhimili kuvuliwa sehemu kubwa ya tani zao kila mwaka. Sangara huhitaji miaka kadhaa, na kiwango hichohicho cha uvuvi kingewamaliza.